Matumizi madogo ya Kaunti ya Mombasa yapite haraka, lakini yasipite kimyakimya

Kila ifikapo Juni, mabishano ya bajeti hapa Mombasa huwa ya mambo makubwa: mradi upi umeachwa, ada ipi imepandishwa, wadi ipi imependelewa. Ni mabishano ya haki. Lakini maisha ya kila siku ya mji huu hayaamuliwi na miradi hiyo. Yanaamuliwa na mafuta ya malori ya taka yanayokwenda jaa la Mwakirunge, balbu za taa za barabarani, glavu za hospitali, vipuri vya ambalensi, na ujira wa vibarua wanaozibua mitaro kabla ya masika. Mambo haya huidhinishwa mwaka mzima, bila hotuba na bila kamera. Je, ni sawa yaendelee kuidhinishwa na maafisa ofisini mwao, au yarudi mbele ya wawakilishi tuliowachagua wayajadili moja baada ya jingine?

Kwanza tuelewane ni nani anaidhinisha nini, kwa sababu watu wengi bado wanamlaumu MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, kwa tenda ambayo hata hakuiona. Zamani za baraza la manispaa, kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, madiwani walikaa katika kamati zao, ya fedha ikiwemo, na mambo mengi madogo yalipitia mikononi mwao. Ugatuzi, ulioleta serikali za kaunti, ulizitenganisha kazi. Bunge la kaunti, lenye wawakilishi wa wadi 30 pamoja na wale wa kuteuliwa, hupitisha bajeti, hupitisha sheria ya fedha inayoweka ada za maegesho na za masoko, kisha husimamia utendaji wa serikali ya gavana. Halitoi tenda wala haliandiki hundi. Matumizi ya kila siku huidhinishwa na afisa mkuu wa idara, ambaye sheria imemtwika jukumu la kujibu kwa kila shilingi ya idara yake. Na kabla fedha hazijatoka katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, Msimamizi wa Bajeti, ambaye ni afisi huru ya kitaifa, lazima atoe idhini. Hilo limo katika kifungu cha 207 cha Katiba.

Wanaotetea utaratibu huu wana hoja nzito, na mtaro unaonyesha uzito wake vizuri kuliko mfano mwingine wowote. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30, na idhini ya matumizi iliyotolewa kwa mwaka huo hufa siku hiyo ya mwisho. Mvua kubwa ya Mombasa nayo hunyesha Aprili na Mei, na Mei ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Maana yake ni kwamba mvua inatukuta mwishoni mwa mwaka wa fedha, wakati mifuko imeshapungua na kila idara inakimbizana na Juni. Mgao wa fedha kutoka serikali ya kitaifa ukichelewa, kama ulivyozoea kuchelewa, mhandisi anabakiwa na Februari na Machi tu za kufanya kazi ya maana.

Na kazi yenyewe si moja. Kibarua anaingia mtaroni na sepetu, anatoa mchanga, chupa za plastiki, mifuko na maganda ya madafu, anarundika kando ya barabara. Hapo ujira wake umeshalipwa. Rundo hilo lazima libebwe na lori, na lori lina idhini yake, mafuta yake na dereva wake. Idhini ya pili ikichelewa wiki mbili, mvua ya kwanza inalirudisha tope lile lile mtaroni. Kaunti inakuwa imelipa kazi ambayo haipo tena. Mkazi wa Mikindani au Kisauni aliyewahi kuona marundo hayo meusi yakikauka juani, kisha yakatoweka baada ya usiku mmoja wa mvua, anajua ninachosema. Sasa fikiria lori hilo lisubiri kamati ya bunge ipate akidi, isikilize, iahirishe, ikutane tena. Kwa kazi za namna hii kuchelewa ni hasara yenyewe, tena hasara ambayo hakuna mkaguzi atakayeiandika.

Ipo sababu nyingine ya kutorudisha idhini hizi kwa wanasiasa, na kwangu hii ni nzito kuliko ya kwanza. Tulikwisha kuwa na madiwani waliogusa kila kitu, na hawakutulinda. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 kuhusu ardhi ya umma ilieleza namna viwanja vilivyotengewa huduma za wananchi vilivyogawanywa kiholela nchini kote, na mabaraza ya miji yalikuwa miongoni mwa waliotajwa. Kura ya diwani haikuwa kinga. Mara nyingi ilikuwa na bei. Ukimpa mwakilishi wa wadi uwezo wa kuzuia malipo ya mafuta ya ambalensi, umempa pia kitu cha kuuza. Na bunge likishaidhinisha malipo lenyewe, litayakaguaje baadaye? Itakuwa kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo, kwa sababu upande wa pili nao unaona kitu cha kweli.

Matumizi madogo ni madogo yakitazamwa moja moja tu. Tuchukue mfano wa kukisia: kila wadi ikitengewa shilingi 400,000 za kuzibua mitaro, hakuna atakayeshtuka, lakini kwa wadi 30 hizo ni milioni 12. Ongeza mafuta, matengenezo ya magari, vyakula vya mikutano, uchapishaji na safari. Pesa hizi zimetawanyika katika mafungu mengi, kila moja chini ya kiwango kinachoamsha maswali. Ndiyo maana sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inakataza waziwazi kuigawa zabuni moja vipande vipande ili kukwepa utaratibu unaostahili. Katazo hilo halikuandikwa kwa hofu ya bure. Walioiandika sheria walijua kwamba mtu anayetaka kukwepa ushindani huanzia kwenye kazi ndogo, zile ambazo kila mtu anaziona za kawaida.

Tena kuna suala la wakati. Tunaambiwa tusihofu, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yupo. Yupo, na kazi yake ni muhimu mno. Lakini Katiba inampa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika kutoa ripoti, kisha inalipa Bunge la taifa au bunge la kaunti miezi mitatu ya kuijadili. Fedha za mtaro zilizotumika Machi zinafika kwenye ripoti mwishoni mwa Desemba, na mjadala unaweza kwenda hadi Machi nyingine. Mvua ya pili iko mlangoni, na bado tunauliza kama mtaro wa mwaka jana ulizibuliwa. Ukaguzi wa namna hii unaweza kumwadhibu aliyekosea, lakini hauwezi kumzuia mwenye nyumba ya Kisauni asilowe.

Katika miji mingi ya Marekani wamelijaribu jambo lililo katikati. Mambo ya kawaida, kama vile kulipa ankara, kununua vifaa au kurefusha mkataba mdogo, huwekwa katika orodha moja na baraza huipigia kura kwa mkupuo, bila mjadala. Ila diwani yeyote anaweza kukitoa kipengele kimoja kijadiliwe peke yake, na orodha yenyewe hutangazwa kabla. California, kwa mfano, inataka ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla ya kikao. Hatuwezi kuunakili utaratibu huo mzimamzima, kwa sababu mabaraza yao yana mamlaka ambayo bunge letu la kaunti halina. Lakini sehemu yake moja inatufaa sana. Kura ya mkupuo inavumilika kwa sababu mwananchi alikwisha kuiona orodha.

Hapa ndipo ninapoona Mombasa imepotea. Tulipoyaondoa mambo madogo mikononi mwa madiwani tulifanya sawa, lakini tuliondoa pia mahali ambapo mtu wa kawaida angeweza kuyasikia yakitajwa, na hatukuweka kingine badala yake. Wapo watakaosema ushirikishwaji wa umma umeziba pengo hilo. Haujaziba. Kikao cha maoni ya bajeti huitwa ukumbini, watu wakapewa muda mfupi juu ya kitabu kinene cha Kiingereza kilichopangwa kwa programu na idara. Mama anasimama kuuliza kuhusu mtaro wa nyuma ya nyumba yake. Kitabu hakina mtaro huo. Kina mstari mmoja wa matengenezo ya miundombinu ya kaunti nzima. Afisa anamjibu kuwa hoja yake imeandikwa, na kwa haki afisa huyo hana jibu jingine, kwa sababu uamuzi wa mtaro upi uzibuliwe utafanywa miezi mingi baadaye, mahali ambapo mama yule hataalikwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba idhini zibaki kwa maafisa, lakini orodha itoke. Kila ofisi ya msimamizi wa wadi ibandike, kwa Kiswahili, kazi ndogo zilizoidhinishwa kwa wadi ile: ni kazi gani, mtaa gani, kiasi gani, nani anaifanya, na siku gani inaanza. Karatasi hiyo hiyo itumwe kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi, ambako watu wameshajikusanya. MCA asiwe na uwezo wa kuizuia kazi. Awe na uwezo wa kudai jibu la maandishi ndani ya siku chache, na jibu hilo liingie katika kumbukumbu za bunge.

Nimesikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba sheria tayari ipo. Ni kweli. Sheria ya ununuzi inataka zabuni zilizotolewa zitangazwe, na sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa raia haki ya kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 21. Lakini siku 21 kwa mtaro wa Aprili ni nyingi mno, na tangazo lililofichwa ndani ya tovuti ya serikali halimfikii muuza samaki wa Likoni. Haki ya kuomba ni nzuri, lakini inamwachia mzigo yule asiyejua hata cha kuomba. Pingamizi ya pili ni kwamba kutangaza kiasi kutawavuta madalali na walalamishi, na maafisa watatumia muda wao kujibu maswali. Sehemu ya hofu hii ina ukweli. Bei isitangazwe kabla mzabuni hajapatikana, na kwenye dharura, kama kipindupindu au barabara iliyokatika, kazi ianze kwanza na karatasi ifuate. Ila muda wa afisa unaotumika kumjibu mkazi ni sehemu ya kazi anayolipwa.

Kuna jambo moja ambalo sikubali kabisa liitwe la kawaida, nalo ni bajeti ya ziada. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa, hadi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka, kisha kuomba idhini ya bunge ndani ya miezi miwili tangu fedha za kwanza zitolewe. Yaani bunge linaweza kuwa linaidhinisha kitu kilichokwisha kutumika. Sheria hiyo hiyo inamkataza afisa kuhamisha fedha za maendeleo kuzipeleka kwenye matumizi ya kawaida kwa uamuzi wake peke yake, lakini bajeti ya ziada inaweza kuyapanga upya mafungu yote. Zahanati iliyoahidiwa Juni inaweza kutoweka Februari katika jedwali lenye kurasa nyingi, bila mtu kutamka jina lake. Hapo ndipo wawakilishi wetu wanapaswa kutulia, wasome mstari kwa mstari, wawaite maafisa na kuwauliza kila wadi imepoteza nini. Wakitumia jioni zao kubishana juu ya balbu za taa, hawatakuwa na nguvu za kazi hiyo.

Mabadiliko haya hayahitaji marekebisho ya Katiba. Karatasi ya wadi inaweza kuanza kwa agizo la gavana, na bunge linaweza kuandika katika kanuni zake za kudumu kwamba bajeti ya ziada haitajadiliwa mpaka iambatanishwe na jedwali linaloonyesha, kwa kila wadi, fedha zilizoongezwa na zilizopunguzwa. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa bungeni kufikia Februari 28. Wawakilishi wanaweza kuyadai yote mawili siku hiyo, wakati mitaro bado mikavu.