Haya mabasi mapya wamemtengenezea nani?

Wiki hii magrupu ya WhatsApp ya hapa Malindi ni picha moja tu. Basi jipya la kampuni fulani limetoka kwa mafundi wa bodi, viti bado viko na nailoni zake, na maandishi chini: chaja ya simu kila kiti, WiFi, taa za rangi. Watu mashaallah mashaallah mpaka chini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mlango uko juu kiasi gani.

Mie nimeliona kwa macho pale steji. Mama mtu mzima, buibui, kikapu mkono mmoja, anaenda Witu. Ngazi ya kwanza imempita goti. Akapandisha buibui kidogo, akaogopa kufunuka, akalishusha, akanyoosha mkono ashike chuma cha mlango, haufiki. Makanga naye ndo akajiona ana akili, akachukua kreti ya soda kibandani akaiweka chini, "panda bi mkubwa", na kreti yenyewe inacheza kwenye mchanga. Mwisho akasukumwa kwa nyuma na kijana asiyemjua, steji nzima inatazama, akaingia, akakaa, hakusema neno. Mkwewe angekuwa pale sijui angejificha wapi. Basi la mamilioni hilo, na ngazi yake ni kreti ya kuazima.

Sasa sababu si siri. Mabasi mengi ya huku yanaanza maisha kama lori. Isuzu pale Nairobi wanaunganisha chesisi, yaani fremu na injini na magurudumu bila bodi, modeli zake NQR ama FRR, ile ile inayowekwa bodi ya kubebea mchanga, mwenye basi anaichukua anaipeleka kwa mafundi, wanachomelea vyuma, mabati, vioo, haya basi limekuwa. NQR watu 33, FRR inapita hapo kidogo, na wale wakubwa wa safari ndefu ni MV. Fremu ya lori iko juu, springi zimetengenezwa kubeba tani si viuno vya watu, injini iko mbele ubavuni mwa dereva, ukipewa kile kiti cha karibu ukifika Garsen ushaiva. Na ukiuliza hii na ile tofauti ni nini, jibu ni hesabu ya viti. Viti, viti, viti! Kana kwamba abiria anazaliwa ameshakaa.

Sawa, nakubali, tena kwa shingo upande, hizo chesisi zimetubeba. Garsen kwenda Mokowe kule Lamu kabla ya lami hakuna basi laini lingemaliza mwezi. Mto Tana ukifurika maji yakapanda barabara kule Gamba, ni huo huo urefu unaomvusha mtu. Spea kila duka, fundi kila kichochoro. Lakini lami ishafika bana, na Kilifi yenyewe tumeacha kupanda feri tangu daraja la 1991, tutajengewa basi za matope mpaka lini?

Na msiniambie ni lazima. Scania wana chesisi za K, injini nyuma, springi za upepo. Yutong wa China wanatoa basi zima kiwandani kwao. London mabasi ya mjini yamekuwa ya sakafu ya chini tangu 2005, yanatoa upepo upande wa mlango yanainama, mzee anaingia kama anaingia sebuleni kwake. Na hata hayo mabasi ya bei mbaya ya safari ndefu sakafu yake iko juu kushinda hizi zetu, sababu ya buti ya mizigo chini, ila ngazi ya kwanza wameishusha karibu na ardhi. Kwa hivyo hata lori tusilisingizie sana. Ni mtu alikaa akachora mlango na hakumfikiria mamake.

Katiba ya 2010 kifungu cha 54 kimetaja usafiri wa umma kwa walemavu, waziwazi. Kiti cha magurudumu kitapandia wapi hapo, kwa kareya ya mizigo juu ya paa?

Nikayaandika haya kwenye grupu, jamaa akanijibu wazee si wapande Probox, zile gari ndogo za Toyota za kubeba abiria. Probox! Ile ambayo ukikaa nyuma unampakata mtu usiyemjua salamu wala jina? Mwengine ati wazee wakae nyumbani. Huyo sikumjibu, mamake tunasali msikiti mmoja na kliniki ya presha iko Malindi haiko chumbani kwake.

Mie siombi makubwa. Ngazi moja ya kukunja, ya chuma, dereva akisimama inashuka, akiondoka inapanda, na chuma cha kushikia kirefushwe kifike chini. Fundi yeyote wa kuchomelea wa hapa mjini anaiweza kazi hiyo. Kampuni itakayoanza, nauli ikipanda hamsini mie nalipa na sibishani na makanga.