Sinki Ninayoilipia Kodi na Beseni Linaloikalia

Kila tarehe tano ya mwezi ninamlipa mwenye nyumba kodi ya vyumba viwili, kibaraza kinachotosha kuanika nguo tatu, na jiko lenye sinki. Sinki nimeitaja mwisho, ingawa ndiyo iliyonishawishi siku nilipokuja kuitazama nyumba hii hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Ilikuwa ya terazo, yenye madoadoa meusi na meupe, na bomba jipya likimeta juu yake. Mimi nimelelewa katika boma ambalo vyombo vilioshewa nje, kando ya tangi, nasi tukiwa tumechutama hadi magoti yakalia. Nikaapa kwamba siku nitakapopata sinki yangu nitaosha sahani nikiwa nimesimama wima kama mtu aliyesomeshwa kwa karo. Huu ni mwaka wa nne humu ndani, na hadi Alhamisi iliyopita sikuwa nimeosha hata kijiko ndani ya sinki ile. Ndani yake limo beseni.

Ni beseni la plastiki, la rangi ya bluu, ambalo mke wangu alilinunua sokoni Muthurwa kwa kulikadiria kwa macho. Macho yalikosea kwa upana wa kidole kimoja, kwa hiyo beseni halifiki chini, bali limekwama juu likiwa limeegemea upande mmoja, kama abiria wa matatu aliyeambiwa asogee kidogo pahali ambapo hapana pa kusogea. Ukiiweka sufuria upande wa kulia, beseni linainama kulia, vijiko vyote vinaifuata, na maji ya sabuni yanakumwagikia kifuani. Ninajulikana pale kazini kwa mashati yenye doa mbichi kitovuni kila Jumatatu asubuhi, na nimeacha kujieleza.

Wala usidhani kwamba beseni likipatikana ni beseni tu. Katika nyumba hii yako matano, na kila moja lina cheo chake. La bluu ni la vyombo, jekundu ni la kufulia, la kijani ni la kumwogeshea mtoto, jeupe ni la kuoshea sukuma wiki, na la tano, lenye ufa, ni la kupigia deki. Shemeji yangu alipokuja kutafuta kazi mjini hakuelezwa utaratibu huu, nami siku ya tatu nilimkuta ameloweka soksi katika lile la bluu, huku akiimba. Mke wangu hakumgombeza nduguye. Alilisugua beseni kwa maji ya moto mara tatu, akalianika juani siku nzima, na tangu hapo shemeji akiongeza ugali, watu wote mezani wanamtazama miguu.

Chanzo cha haya yote ni maji. Ratiba ya mgao inasema kwamba mtaa wetu hupata maji Jumanne na Ijumaa, lakini maji yenyewe, ambayo nadhani hayajaisoma ratiba, huja Alhamisi saa tisa usiku na kuondoka kabla ya jogoo. Masika yakifika, runinga hutuonyesha bwawa la Ndakaini kule Murang'a, linaloiletea Nairobi maji, lililokamilika mwaka 1994 na lenye nafasi ya lita bilioni 70, likiwa limejaa hadi maji yanapita juu ya ukingo, na mtangazaji akitabasamu kana kwamba ameyajaza yeye. Mimi huitazama habari hiyo nikiwa nimeupakata mtungi wa lita 20 ambao nimetoka kuununua kwa kijana wa mkokoteni.

Mtungi huo mke wangu anaujua kuliko mhasibu anavyozijua hesabu za kampuni. Lita nane zinaingia katika beseni pamoja na sabuni, lita sita zinawekwa kando za kusuuzia, na zilizobaki ni za sufuria ya ugali, ambayo hushughulikiwa peke yake kama mgonjwa mahututi. Maji ya kusuuzia hayamwagwi kamwe. Yanasubiri katika ndoo mlangoni mwa choo hadi mtu apate haja. Niliwahi kumwambia kwamba siku ambayo bomba linatoka tungeweza kujiachia na kuosha papo hapo chini yake. Akachukua ndoo ya lita 20, akaiweka chini ya bomba, akaniambia nihesabu dakika. Haikufika ya tatu, ndoo ikajaa. "Na wewe, Baba, ukiosha vyombo huchukua robo saa," akasema. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba ni zaidi ya mitungi mitano, na nikajuta kwa nini nilisoma hisabati.

Hata hivyo, nina malalamiko yangu na nitayatoa. Sheria ya beseni inataka vikombe vianze, sahani zifuate, sufuria zimalizie, na kwa namna nisiyoielewa zamu yangu hufika wakati wa sufuria. Kufikia hapo maji yamekuwa na rangi ya supu ya mutura, povu limekata tamaa, na juu kunaelea ukoko na majani ya chai, kwa maana kifungua mimba wetu hawezi kuona maji safi ya sabuni bila kuyamwagia masalio ya kikombe chake. Chini kabisa, gizani, kimelala kisu. Kisu hicho hakuna anayekiri kukitia humo. Utakipata kwa kidole.

Nikatafuta msaada ng'ambo. Dada yangu mkubwa ni muuguzi kule Uingereza, nchi ambayo maji hutoka bombani mchana na usiku, nami nikampigia simu ya video Jumapili moja nikiwa na hakika kwamba atamweleza wifi yake jinsi watu walioendelea wanavyoosha vyombo. Dada akaigeuza simu yake polepole kuelekea jikoni. Sinki ile ilikuwa na beseni.

Akanieleza bila haya. Nyumba nyingi za zamani kule zina mabomba mawili yaliyotengana, moja la maji ya moto na jingine la maji ya baridi, kwa hiyo usipoyachanganya katika beseni utachagua kati ya kuungua na kuganda. Tena sinki za kauri za zamani zilikuwa ngumu na zilivunja vikombe, ilhali plastiki ni laini. Na beseni likishajaa povu, bado unaweza kumwaga masalio ya chai pembeni bila kuchafua maji. Akaongeza kwamba baadhi ya wenyeji huitoa sahani humo ikiwa na povu na kuiacha ikauke vivyo hivyo bila kuisuuza. Mke wangu, ambaye alikuwa sebuleni akijifanya hasikilizi, aliacha kujifanya. "Bila kuisuuza?" akauliza, na kwa mara ya kwanza nikaona anawahurumia Wazungu.

Sikukubali kushindwa. Alhamisi iliyopita, saa tisa usiku, nilisikia bomba likikohoa, nikaamka, nikajaza mitungi yote, kisha nikafanya jambo nililolingoja kwa miaka minne: nililing'oa beseni, nikaliweka sakafuni, na nikaosha vyombo vya chajio ndani ya sinki, wima, maji yakitiririka. Wali ulipita. Majani ya chai yalipita. Ukoko wa ugali nao ulipita, lakini haukwenda mbali, kwa sababu nilipokwisha kuosha sinki ilikuwa imejaa hadi ukingoni na ilikuwa imetulia kama Ndakaini.

Asubuhi msimamizi wa ploti alikuja na spana, akalisukuma beseni la bluu chini ya sinki, akaifungua kona ya bomba la maji taka, na vitu vyote vikatoka, vikiwemo kijiko cha mgeni ambacho tulimshuku jirani kwa ajili yake tangu Pasaka. Akaenda dukani kutafuta mpira wa kuziba, akaniacha nikilinda. Maji yaliendelea kudondoka.

"Baba, beseni linajaa," mke wangu akaita kutoka chumbani.

Nililiinua kwa mikono miwili, kwa uangalifu mkubwa, mgongo wima, bila kudondosha hata tone, na kwa kuwa hapo ndipo maji machafu humwagwa katika nyumba yenye sinki, nikayamwaga yote katika sinki. Yalichukua muda mfupi tu kunifikia miguuni.