Kabla ya kununua mashine ya mahudhurio kwa chumba cha usaidizi wa masomo

Chuo kikiamua kuachana na daftari kwenye chumba cha usaidizi wa masomo na kuhamia kwenye kompyuta, kikao cha kwanza huishia kwenye swali moja: tununue mashine gani? Swali lenyewe halina ubaya, ila limewahi mno. Watu hulikimbilia kwa sababu mashine inashikika, ina bei, na inaingia vizuri kwenye bajeti. Jambo ambalo halijadiliwi ni kwamba chumba hiki si darasa, na mfumo wa darasani ukihamishiwa pale utawafukuza walewale unaotaka kuwahesabu.

Darasani mwanafunzi ana wajibu wa kuwepo. Asipokuja, kuna wa kumuuliza. Kwenye chumba cha usaidizi anakuja kwa hiari yake, tena mara nyingi baada ya kujishauri sana, maana kuomba kuelekezwa hesabu ni kukubali mbele ya wenzako kwamba umekwama. Mtu wa namna hiyo akikuta foleni mlangoni, skrini yenye maswali manane, na mhudumu anayepaza sauti "wewe, hujajisajili", atageuka. Mfumo hautajua kwamba alifika. Ripoti itaonyesha siku imekwenda shwari.

Ndiyo maana nasema mfumo huu upangwe kwa kumfikiria mwanafunzi mwenye haya kuliko wote. Mkuu wa idara naye atapata ripoti zake, lakini kutokana na kile ambacho mwanafunzi huyo yuko tayari kukitoa kwa sekunde tano akiwa amesimama na begi mgongoni.

Sitetei daftari. Mwandiko hausomeki, namba za usajili zinakosa tarakimu, safu ya saa ya kutoka iko tupu ukurasa hadi ukurasa, na muhula ukiisha kuna mtu anakaa siku nzima kuhesabu mistari kwa kidole. Isitoshe, kila anayesaini anasoma majina ya waliomtangulia na kozi zilizowashinda. Kwa hilo peke yake, kompyuta ni nafuu ya kweli, mradi skrini isiache jina la aliyepita likiwaka mbele ya anayefuata.

Tuanze na kinachoulizwa. Namba ya usajili, kozi aliyoijia, na saa, ambayo kompyuta inaiweka yenyewe. Basi. Mwaka wa masomo, jinsia, shahada anayosomea na jina la mhadhiri wake vyote vimo tayari kwenye hifadhidata ya ofisi ya usajili, na kumuuliza tena ni kumfanya karani wa bure. Kozi nayo asiiandike. Ukimpa nafasi tupu, kozi moja itarudi na tahajia kumi tofauti, na atakayezisafisha ni wewe. Mwonyeshe orodha ya kozi alizojisajili muhula huu, huwa ni chache tu, abonyeze moja. Chini kabisa weka "nyingineyo", kwa sababu yuko yule wa mwaka wa mwisho aliyekuja na takwimu za utafiti wake, ambazo hazimo kwenye kozi yoyote.

Sasa mashine. Iwe kadi ya utepe wa sumaku, bakodi (ile mistari myeusi inayosomwa kwa mwanga), au kadi ya kugusisha, visomaji vingi vya bei ya kawaida hujifanya kibodi: kompyuta inaamini kuna mtu anachapa tarakimu haraka sana, kisha anabonyeza kitufe cha kuingiza. Uzuri wake ni kwamba huhitaji programu maalumu. Ubaya wake utauona siku mhudumu atakapofungua barua pepe kwenye kompyuta hiyohiyo. Mwanafunzi anapitisha kadi, kisomaji kinalia kama kawaida, lakini namba inaangukia katikati ya sentensi ya barua iliyokuwa ikiandikwa. Mwanafunzi anakwenda kukaa akijua amesajiliwa. Mlio ule unamaanisha kadi imesomeka tu. Haumaanishi kumbukumbu imehifadhiwa. Kwa hiyo kompyuta ya mlangoni iwe ya kazi hiyo moja, ukurasa ufunike skrini nzima, kishale cha kuandikia kirudi chenyewe kwenye nafasi yake kila mara, na maneno "Karibu, umesajiliwa" yatokee pale tu hifadhidata inapokuwa imejibu.

Kabla ya kuandika programu yoyote, chukua kadi tano halisi, za watu tofauti, uzipitishe huku umefungua ukurasa mtupu wa maandishi. Utashangaa. Kwenye kadi za sumaku, njia ya pili ya utepe (mstari wa pili wa data iliyorekodiwa humo) huanza na alama ya nukta-mkato na kuishia na alama ya kuuliza, na tarakimu zilizo katikati si lazima ziwe namba ya usajili. Vyuo vingine huweka namba ya kadi yenyewe, ambayo hubadilika mwanafunzi akipoteza kitambulisho na kupewa kingine. Asiyejua hilo mapema atakuja kugundua kwamba mtu mmoja ameingia kwenye takwimu kama wawili. Halafu namba hizo zihifadhiwe kama maandishi, kamwe zisiwe kama namba za kujumlisha. Excel, isipobadilishwa mipangilio yake, hukata sifuri za mwanzo, na tarakimu zikizidi 15 hugeuza za mwisho kuwa sifuri. Kadi yenye tarakimu 16 inaharibika kimyakimya siku utakapofungua faili.

Kuna watakaopendekeza alama za vidole. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inaziweka taarifa za kibayometriki zinazotumika kumtambua mtu kwenye kundi la data zinazohitaji ulinzi wa pekee, na kwa haki kabisa. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni, kidole kinatibu ugonjwa ambao chumba hiki hakina. Kinazuia mtu kumsainia mwenzake. Nani atahangaika kumsainia rafiki kwenye chumba cha kujifunza kwa hiari? Atahangaika siku mhadhiri atakapotangaza kwamba kila ziara inaongeza alama mbili kwenye matokeo ya kozi. Hapo kadi zitaanza kukopeshana, watu wataingia na kutoka bila kuuliza swali, na wasaidizi watakaa bure ndani ya chumba ambacho ripoti inasema kilifurika. Mimi ningepigania kuondoa hizo alama za ziara kabla ya kununua chombo cha kulinda hesabu zake.

Jambo linalovuruga data kuliko yote ni kutoka. Kuingia mtu anakumbuka, kwa sababu kompyuta iko mbele yake. Akimaliza, akili iko kwenye kipindi kinachofuata, na anapita. Mifumo mingi hufunga ziara zote zilizobaki wazi saa ya kufunga chumba, na hivyo aliyekaa dakika 20 asubuhi anaandikwa kwamba alikaa muda wa saa saba. Chukua wastani wa muhula mzima juu ya takwimu hizo, peleka kwa uongozi, na utakuwa umepeleka uongo wenye desimali mbili. Kama saa lazima zihesabiwe, labda kwa sababu anayefadhili chumba anazidai, basi kila ziara iliyofungwa na mfumo ipewe alama yake na isiingie kwenye hesabu ya muda. Kwa zile zilizofungwa vizuri, toa kipimo cha katikati, thamani inayogawa ziara nusu kwa nusu, ili wachache waliokaa mchana kutwa wasiwavute wengine wote.

Nikiachiwa uamuzi, ningeachana na kutoka kabisa. Swali ambalo saa hizo zinatakiwa kujibu huwa ni moja: tuweke wasaidizi wangapi, siku gani, saa ngapi? Saa za kuingia zinajibu sehemu kubwa ya swali hilo. Inayobaki inajibiwa na msaidizi kuhesabu vichwa kila saa na kuandika idadi. Ni kazi ya nusu dakika, na haimtegemei mwanafunzi kukumbuka chochote. (Wenzangu wa kompyuta hawaipendi njia hii, wanaiona ya kizamani. Sawa.) Wale watakaobaki na kadi moja ya kuingilia na kutokea waweke angalau sharti moja: kadi ileile ikipita tena ndani ya dakika chache, ipuuzwe. Bila hivyo, anayepitisha mara mbili kwa wasiwasi atakuwa ameingia na kuondoka kwa sekunde mbili.

Umeme na mtandao vitakatika. Mfumo uhifadhi palepale na kutuma baadaye, karatasi iwepo kwenye droo, na kilichoingizwa kwa mkono kionekane kimeingizwa kwa mkono, kikiwa na saa ya tukio na si saa ya kuchapa.

Kwenye ripoti, ziara na watu visichanganywe. Ziara 400 zaweza kuwa za wanafunzi 400 waliokuja mara moja wasirudi, au za 40 waliokuja mara kumi kumi, na hizo ni habari mbili zinazodai maamuzi tofauti. Kuwa mwangalifu pia na ule mchoro unaopendwa, wa kulinganisha matokeo ya waliokuja na ya wasiokuja. Wanaokuja hujichagua wenyewe: wengine ni wale wenye bidii ambao wangefaulu tu, wengine wako karibu kuanguka. Angalau linganisha waliokuwa na alama zinazokaribiana kabla ya muhula kuanza.

Mhadhiri atakuja kuomba majina. Mara nyingi nia yake ni njema, anataka kujua nani wa darasa lake anahangaika. Hata hivyo ningemnyima, nimpe idadi kwa kozi na mada zinazoulizwa sana, na majina yatoke kwa idhini ya mwanafunzi mwenyewe. Uvumi kwamba "ukienda pale mhadhiri anaambiwa" unatosha kukiua chumba kabla ya mitihani ya katikati ya muhula. Majina yenyewe yasikae milele. Ukishapita muda ambao chuo kimekubaliana, yafutwe na zibaki hesabu.

Kuhusu ratiba, kazi inayochelewesha mradi si programu. Ni ofisi ya usajili. Unahitaji faili la wanafunzi, namba za kadi zao na kozi zao, na linahitaji kusasishwa kila siku kwenye wiki za mwanzo, kipindi ambacho watu wanaongeza na kuacha kozi. Kuna atakayeuliza nani ameidhinisha, litatumwa kwa njia gani salama, nani ataligusa upande wa pili. Ni maswali halali na yatakula wiki kadhaa. Barua ya kuliomba iandikwe muhula mmoja kabla, na ieleze safu zinazohitajika moja baada ya nyingine. Ukiandika tu "taarifa za wanafunzi", utakataliwa, au utaletewa faili zima likiwa na anwani na tarehe za kuzaliwa, na utakuwa umejibebesha dhamana ya vitu ambavyo hukuvihitaji.