Shingo ya Mraba Si Kasoro, Acheni Kuipiga Randa

Juzi kijana wa kwaya yetu alikuja nyumbani amelifunga gitaa lake kwenye kanga. "Shikamoo, baba mdogo. Limepona," akaniambia, uso umejaa furaha. Nilipolifungua nikakaa chini. Ni gitaa la rezoneta, lile lenye sahani ya chuma kifuani, alilotumiwa na mjomba wake aliyeko Marekani. Fundi mmoja wa hapa Mbeya alimwambia shingo ina kasoro: nene mno, ya pembe nne, nyuzi ziko juu hazibonyezeki. Akaipiga randa mpaka ikawa mviringo, akashusha nyuzi, akachukua elfu arobaini.

Haikuwa na kasoro yoyote. Iliundwa hivyo makusudi.

Naandika nikiwa na uchungu, maana ni gitaa la pili naliona likiharibiwa namna hii. Gitaa la shingo ya mraba halipakatwi kifuani kama gitaa la kawaida. Unalilaza mapajani, nyuzi zikitazama juu, mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma na kukitelezesha. Nyuzi hukaa juu karibu sentimita moja ili chuma kisigonge freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo. Hakuna anayezibonyeza, freti ni alama za kuongoza macho tu. Upigaji huu ulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye hutajwa kuwa mwanzilishi. John Dopyera naye alipobuni gitaa lenye koni za alumini za kukuza sauti ndani ya kifua, likaanza kuuzwa kwa jina la National mwaka 1927, alikuwa anatafuta sauti kubwa isiyohitaji umeme. Sisi tunaoimba ibada nzima umeme ukiwa umekatika tunajua thamani ya kitu hicho.

Sasa mafundi nisikilizeni kuhusu mvuto wa nyuzi. Wapigaji wengi wa shingo ya mraba hutyuni hivi, kuanzia uzi mnene: G B D G B D. Linganisheni na tyuni ya kawaida. Uzi wa sita unapanda kutoka E hadi G, nusu sauti tatu. Wa tano unatoka A hadi B, nusu sauti mbili. Yaani nyuzi mbili nene kuliko zote ndizo zinazokazwa, na mzigo wote unaishia shingoni. Ule unene mnaouona wa bure ndio unaoubeba. Shingo nyembamba ikibebeshwa hivyo inaanza kupinda. Ndiyo maana wenye rezoneta za aina ya pili, za shingo ya mviringo, wengi hulegeza: D G D G B D, nyuzi tatu zinashuka na hakuna hata moja inayopanda.

Na kuitambua si kazi ngumu. Shingo iliyopinda huinua nyuzi huku katikati na kuelekea mwilini, lakini kule kichwani zinabaki chini. Ukikuta zimeinuka tangu kichwani, hiyo ni kazi ya aliyeliunda. Weka randa chini.

Ya mviringo ina faida zake, sikatai. Unaipakata, unavaa kichupa cha kutelezesha kidole kimoja na vilivyobaki vinabonyeza kama kawaida. Tampa Red, mpiga blues wa Marekani, alipiga hivyo kwenye National yake. Ukitaka kuilaza, kuna kidaraja cha chuma cha kuvisha pale kichwani, kinainua nyuzi, ukimaliza unakitoa. Mwenye hela ya gitaa moja, tena anayetakiwa kupiga ridhimu amesimama kila Jumapili, anunue hiyo. Nalisema hilo kwa shingo upande. Ila ya mviringo unaigeuza na kuirudisha jioni hiyo hiyo. Ya mraba ikishachongwa, imekwisha.

Yule kijana sikumwambia yote siku ile. Nilimwomba alegeze nyuzi zote, nikamwonyesha kwamba koni haijaguswa na mwili ni mzima. Nina ubao wa mninga kutoka Chunya, umekauka ndani kwangu miaka minne. Jumamosi anakuja tupime shingo mpya, ya pembe nne.