Dumu la sumu na pakiti ya biskuti: kuisoma upya sheria ya taka ya Brazili

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hivyo ndivyo wengi wanavyoibeza Sheria namba 12.305, iliyopitishwa Brazili tarehe 2 Agosti 2010 baada ya kuzungushwa bungeni karibu miaka 20. Inasema bidhaa ikishakuwa taka ni jukumu la pamoja: kiwanda, mwagizaji, msambazaji, mwenye duka, mnunuzi na manispaa. Wapinzani wanauliza: ukishawataja wote hao, umemshika nani? Wao wangetaka mzigo umwelemee mzalishaji, kama Ujerumani ilivyofanya kwa vifungashio mwaka 1991.

Swali lina uzito. Ila wengi wanaoliuliza wamesoma neno “pamoja” wakaishia hapo. Kifungu cha 30 kinaendelea: jukumu ni la kila mmoja kwa nafsi yake, na yote yameshikana kama mnyororo. Kifungu cha 33 kinazitaja pete zenyewe kwa betri, matairi, vilainishi, aina kadhaa za taa za umeme, vifaa vya elektroniki na viuatilifu. Mnunuzi arudishe alikonunua. Duka na msambazaji wamrudishie mzalishaji au mwagizaji, naye atafute pa kuvipeleka salama. Haya yote yafanyike bila kuegemea magari ya taka ya manispaa, na manispaa ikikubali kumfanyia mzalishaji kazi yake, ilipwe. Ukwepaji uko wapi hapo? Mimi naona mtu anapelekewa ankara.

Tazama dumu la kiuatilifu, ambalo utaratibu wake ulitungiwa sheria tangu mwaka 2000. Mkulima akimaliza dawa anatia maji kwenye dumu, anafunga kifuniko, anatikisa, anayamimina kwenye tangi la kupulizia. Anarudia hadi mara tatu, dawa isipotee na sumu isibaki. Halafu analitoboa kitakoni, asije mtu akalichotea maji ya kunywa. Ana mwaka mmoja tangu siku aliyonunua, na mahali pa kulirudisha pameandikwa kwenye ankara aliyopewa na muuzaji. Muuzaji anaandaa mahali hapo. Kiwanda kinachukua na kurejeleza au kuteketeza.

Zaidi ya asilimia 90 ya madumu hayo hurudi. Nimeitazama takwimu hiyo mara nyingi, na kila mara narudi kwenye ile karatasi ya ankara. Nchi ni kubwa kama bara, mashamba yako mbali na miji, na bado kitu kisicho na thamani yoyote kwa mkulima kinapakiwa kwenye gari na kurudishwa. Waliogawana kazi ni kadhaa, lakini hakuna anayeweza kusema “nilidhani fulani atafanya”.

Wapinzani watajibu, na kwa haki, kwamba mnunuzi wa kiuatilifu anajulikana. Pakiti ya biskuti haina ankara wala jina. Makubaliano kati ya serikali na sekta ya vifungashio yalisainiwa mwaka 2015, miaka 5 baada ya sheria, na hapo pete zililegea kweli. Majaa ya wazi nayo yalitakiwa yafungwe kufikia Agosti 2014. Hayakufungwa, na sheria ya mwaka 2020 ikasogeza tarehe hadi 2024 kwa manispaa ndogo zaidi. Manispaa zilipewa tarehe bila mfuko wa fedha, nani alitegemea nini?

Kuna pia wanaosema tuache soko lifanye kazi, huku wakionyesha makopo ya alumini: kwa miaka mingi Brazili imerejeleza zaidi ya asilimia 95. Ni kweli, ila kazi hiyo imefanywa na bei ya alumini na migongo ya waokota taka. Chupa ya kioo iliyokaa meza moja na kopo hilo ni nzito na haina bei, kwa hiyo huachwa. Soko huokota kinacholipa. Sheria inahitajika kwa kinachobaki. Kwa waokota taka wenyewe, sheria ya 2010 iliruhusu manispaa kuvipa vyama vyao vya ushirika kandarasi bila zabuni, jambo ambalo wakosoaji hulisahau kwa urahisi mno.

Amri namba 11.413 ya Februari 2023 imejaribu kuipatia pakiti ya biskuti ankara yake. Ushirika ukiuza kilo za plastiki unatoa ankara ya kielektroniki. Ankara hiyo inahakikiwa isihesabiwe mara mbili, kisha kampuni inanunua cheti kinachoitegemea, kuonyesha kwamba imetimiza jukumu lake. Cheti hakithibitishi kwamba pakiti ya kampuni hiyo ndiyo iliyorudi, bali kwamba uzito kama wake umerudi. Kwa dumu lililooshwa mara tatu na kutobolewa, anayeagana nalo na anayelipokea wanajulikana kwa majina. Kwa pakiti, kwa sasa, tumefika kwenye kilo.