Tabo kwenye 1HZ: hewa nyepesi ya Mwanza inatetea kiasi gani?

Peleka Land Cruiser ya 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota isiyo na tabo, gereji za Nyakato ulalamike kwamba haina nguvu, na jibu utalipata kabla boneti haijafunguliwa: ifunge tabo, bosi, Mwanza tuko juu, hewa nyepesi. Tabo (turbo) ni feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, na fundi hadanganyi. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Tanga. Injini isiyo na tabo huvuta kilichopo tu. Ipakie magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, kisha ipandishe mlima, utaona.

Ila tupige hesabu. Kurudisha hewa iliyoliwa na mwinuko huu kunahitaji msukumo usiofika hata psi 2 (psi ni kipimo cha presha, kama ya matairi). Tabo za kuongezea mara nyingi husetiwa kuanzia psi 7. Basi mwinuko ni sehemu ndogo ya habari. Tunachotaka ni gari livute kuliko lilivyoundwa. Si dhambi, lakini tuseme hivyo.

Na lilivyoundwa ndiyo kesi yenyewe. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, mgandamizo unaopita 22 kwa 1, yaani hewa tayari inabanwa zaidi ya mara 22 ndani ya silinda kabla tabo haijaongeza yake. Toyota walipotaka injini ya tabo ya ukubwa huohuo, walitoa 1HD-T: dizeli inapulizwa moja kwa moja juu ya pistoni, na mgandamizo umeshushwa hadi 18.6.

Wanaopinga tabo huishia hapo, nao wanaruka jambo. Kwenye dizeli, hewa ya ziada peke yake haiunguzi injini. Pampu ya dizeli isipoguswa, moshi mweusi hupungua na hata joto la eksozi linaweza kushuka. Balaa huanza mwenye gari anaporudi kusema haoni tofauti, fundi akachukua bisibisi na kuongeza dizeli kwenye pampu. Nguvu inakuja kweli, joto nalo linapanda. Baadaye silinda hedi ikipata ufa, lawama zote kwa tabo.

Kwa gari la familia ningefunga, msukumo mdogo, na geji ya joto la eksozi ikitangulia. Kwa gari la mzigo wa kila siku ningetafuta 1HD kamili, pamoja na usumbufu wa namba ya injini isiyolingana na kadi.

Kuna na dereva. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na beringi zake hutegemea oili ya injini. Ukizima gari ghafla baada ya mwendo mkali, oili inaungulia humohumo. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilitupumzisha, injini na sisi. Tangu Juni 2025 kuna daraja, na watu wanatoka Sengerema mpaka mjini bila kuinua mguu, wakifika wanachomoa ufunguo.