Miale ya ioni inaonewa kwenye utafiti wa vyuma vya nyuklia

Ukiingia kwenye ubishi wowote kuhusu vyuma vya vinu vya nyuklia utaisikia tu hii hoja, kwamba kupiga chuma kwa ioni (atomi zenye chaji zinazorushwa na mashine) ni maigizo, ukitaka kujua nyutroni, zile chembe zinazoruka ndani ya kinu, zitakifanya nini basi kiweke ndani ya kinu usubiri. Ina ukweli ndani yake, ila naona inaionea sana njia ya ioni, na wengi wanaoisema wanaongea kama vile kinu kipo muda wote na miaka ya kusubiri haimgharimu mtu.

Tuanze na muda mana ndo kiini chenyewe. Uharibifu unapimwa kwa kuhesabu kila atomi imeng'olewa mahali pake mara ngapi kwa wastani. Kuna chuma kinaitwa HT9, kipande chake kilikaa miaka kadhaa kwenye kinu cha FFTF huko Hanford, Marekani, kikafika mara 155 kwa kila atomi kwenye joto la nyuzi 443 za Selsiasi. Mwaka 2014 mtafiti Gary Was na wenzake wakachapisha matokeo ya HT9 waliyoipiga kwa ioni za chuma zenye nishati ya elektroni-volti milioni 5, ikafika mara 188 kwenye nyuzi 460. Sasa piga hesabu, kwa kasi ya mara 0.001 kwa sekunde, ambayo ni ya kawaida kwenye kazi hizi, mara 188 ni kama saa 52 tu. Na walipolinganisha wakakuta vitobo vilevile, vitanzi vya kasoro (mapete madogo ya atomi zilizokaa vibaya) vilevile, chembe zilezile za nikeli, silikoni na manganizi, na vipimo vyake vinakaribiana.

Wakosoaji wanazishika hizo nyuzi 17 za ziada na kusema mmeona, wamerekebisha mpaka ikafanana. Jamani, hizo nyuzi zina sababu! Ioni zinaharibu kwa kasi inayozidi ya kinu zaidi ya mara elfu, kasoro, yaani atomi zilizong'olewa na nafasi zilizoachwa wazi, hazipati muda wa kutembea na kufutana, kwa hiyo unaongeza joto ili zitembee haraka zaidi. Gesi ya heli nayo waliipachika kwenye chuma kabla ya kukipiga kwa sababu nyutroni huizalisha zenyewe ndani ya chuma. Mtu anayejua arekebishe nini na kwa nini anakuwa ameanza kuuelewa uharibifu wenyewe, na huo uelewa huupati kwa kusubiri tu.

Lakini haki itendeke pande zote. Vitobo vinavyovimbisha chuma vilionekana kwanza kwenye vyuma vilivyotoka kinu cha Dounreay, Uskochi, mwaka 1967, kwa hiyo kinu kilituonyesha jambo ambalo hakuna aliyekuwa amepanga kulitafuta. Pia ioni hizo zinaishia kwenye kina kisichofika maikromita 2 hivi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) wakati nyutroni inapita sentimita nzima, na pale zinapoishia zinabaki kama atomi za ziada zinazozuia uvimbe, ndo mana watu makini wanapima katikati, mbali na uso na mbali na mwisho wa njia. Nguzo ndogo zinazochongwa kwenye chuma hicho ili kupimia nguvu yake nazo zinaonekana imara kuliko kipande kikubwa kwa sababu tu ni ndogo.

Alafu kuna mwale wa ioni uliokusanywa mahali padogo, ule wa galiamu wa elektroni-volti elfu 30 unaotumika kama kisu cha kukatia sampuli, na hapa ndipo lawama zinachanganywa. Kisu hiki kinawasaidia hata watu wa nyutroni, pengine kuliko wote. Kata kijipande cha maikromita 10 kwa 5 kwa 0.1 kutoka kwenye chuma chenye mionzi, ujazo wake ni mdogo mara milioni 200 kuliko milimita moja ya ujazo, na mionzi inapungua kwa kiasi hichohicho! Kazi iliyohitaji chumba chenye kuta nene na mikono ya mashine inaweza kumaliziwa kwenye hadubini ya kawaida ya elektroni, na mimi sioni kwa nini hili halisemwi kila siku.

Ubaya wake ni kwamba kisu chenyewe kinajeruhi. Galiamu inaacha vidoa vyeusi ambavyo kwenye hadubini vinafanana kabisa na vitanzi vidogo vya mionzi, na kwenye aluminiamu inapenya mipaka ya fuwele zinazounda chuma na kuilegeza. Hapa nakubaliana kabisa na wakosoaji, kuna picha ambazo huwezi kujua jeraha ni la kinu au la kisu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni ioni zichuje vyuma, zitafute mipaka yao, na kinu kithibitishe vile vichache vilivyobaki. Na kila anayechapisha picha ya vidoa aandike alimalizia kukata kwa nishati gani, elektroni-volti elfu 2 au elfu 30, na aweke pembeni picha ya chuma hichohicho ambacho hakijapigwa mionzi, kilichokatwa kwa kisu kilekile.